Namba za prosesa kwenye numad: soma orodha, usikisie
Iwapo numad, huduma ya Linux inayoiweka kila programu kwenye nodi (kundi la prosesa na kumbukumbu iliyo karibu nazo), inaipeleka programu mbali na kumbukumbu yake, kabla ya kugusa msimbo linganisha namba za prosesa zilizo katika /var/log/numad.log na zile za /sys/devices/system/node/node0/cpulist, kisha node1. Kerneli ya Linux haiahidi namba zinazofuatana: baadhi ya seva za soketi mbili (zenye chipu mbili za prosesa) huipa nodi 0 namba 0,2,4 na nodi 1 namba 1,3,5, na prosesa iliyozimwa huacha pengo, hivyo msimbo unaogawanya tu jumla ya prosesa kwa idadi ya nodi hukosea kimyakimya, na hilo ndilo kosa gumu kuliona. Ndani ya mashine pepe iliyofichwa mpangilio halisi, ulinganisho huu hautoshi. Ufanyie kwenye mashine mwenyeji, yaani kompyuta halisi inayoiendesha mashine pepe hiyo.