Miguu baridi kwa mwenye kisukari: usiipeleke jikoni

Kipupwe cha Tabora kina hila. Mchana wa Julai jua linakuchoma, usiku unatafuta blanketi la pili. Usiku mmoja wa namna hiyo niliota moto kwenye jiko la mkaa huku napiga soga na jirani. Pua ilinusa soksi ikiungua kabla mguu haujaniambia kitu. Lengelenge lile lilinichukua miezi miwili kupona. Tangu hapo mguu wangu siuamini kwa habari za joto.

Kwanza, pima kwa mkono. Gusa goti kwa mgongo wa kiganja, kisha gusa unyayo. Kama unyayo una joto lakini wewe unasikia barafu, huenda sukari imeharibu mishipa ya fahamu, na soksi hata ziwe tatu hazitakusaidia. Kama ni baridi kweli, huenda damu haifiki vizuri, hasa ikiwa shavu la mguu linauma ukitembea na kutulia ukisimama. Yote mawili yapeleke kliniki.

Pili, pasha mwili mzima. Sweta, blanketi, kutembeatembea ndani. Soksi za pamba au sufi, zisizoacha alama ya mpira mguuni. Za mitumba hazina ubaya, ila zifue kwanza, na zenye mishono minene zivae nje ndani. Chupa ya maji moto itangulie kitandani, itoke kabla wewe hujapanda.

Tatu, maji. Yapime kwa kiwiko. Yawe vuguvugu tu. Osha, usiloweke. Kausha katikati ya vidole, paka mafuta kwenye magaga, lakini si katikati ya vidole, maana unyevu huo hukaribisha fangasi.

Nne, kagua nyayo kila jioni. Usipoweza kuinama, tumia kioo au mwite mjukuu. Viatu vikung'ute na upitishe mkono ndani kabla ya kuvaa. Peku hapana, hata uani.

Jingine, najua tumbaku ndiyo iliyosomesha wengi wetu Urambo na Kaliua. Ilime ukipenda, usiivute. Sigara hubana mishipa ya damu, na ya miguuni huumia sana.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mama. Kwetu Sikonge asali haikosekani. Nina kidonda kidogo kidoleni, nipake?*

Marahaba mwanangu. Asali ya hospitalini husafishwa maalumu kuua vijidudu; hiyo ya kwenye dumu kunywea chai. Kidonda cha mguu wa kisukari hakina kidogo. Osha kwa maji safi, funika kwa kitambaa safi, kesho asubuhi uwe kituo cha afya.

*Mdogo wangu anaishi Uingereza, naye ana sukari. Baridi ikizidi vidole vyake vya miguu vinavimba, vinakuwa vyekundu na kuwasha. Ni fangasi?*

Huenda si fangasi. Kwenye baridi yenye unyevunyevu mishipa midogo ya damu hubana, na mtu akijipasha haraka ngozi huvimba na kuwasha. Kwa kawaida hupoa yenyewe ndani ya wiki mbili tatu. Asikune, asiweke miguu kwenye hita, viatu visibane. Lakini kwa kuwa ana sukari, amwonyeshe daktari mapema, na ikichanika aende siku hiyohiyo.

*Miguu ilianza kupoa nilipoanzishiwa dawa ya presha. Niache?*

Usiache. Baadhi ya dawa za presha hufanya hivyo kweli, ila anayezibadilisha ni daktari. Nenda na pakiti yake mkononi.

*Mama, baba amelala vizuri, ameamka mguu mmoja wa baridi, umepauka, unamuuma sana. Kliniki yake ni Alhamisi.*

Usisubiri Alhamisi. Huenda mshipa wa damu umeziba. Usiukande, usiupashe moto. Tafuta bajaji sasa hivi, mpelekeni hospitali ya Kitete, mapokezi waambieni mguu umebadilika ghafla na ana kisukari.