Sakafu ya Land Cruiser ya zamani inaunguza miguu? Anzia chini ya gari, si kwenye kapeti

Ukilalamika gereji kwamba sakafu ya gari inaunguza, ushauri wa kwanza huwa ni kununua sponji na kapeti jipya. Sponji inachelewesha joto tu. Safari ikiwa ndefu miguu inaungua kama mwanzo, na maji yakinaswa chini yake bodi inaliwa na kutu bila wewe kuona. Joto linatakiwa kuzuiwa kabla halijagusa sakafu. Kazi ya ndani inakuja mwisho, na mara nyingine haihitajiki kabisa.

Maelezo haya ni ya Land Cruiser za series 60, 70 na 80. Land Rover Defender 110 inafuata njia hiyohiyo, ila ina mambo yake, nitayataja yanapofika.

Hatua ya 1: Tafuta joto linatoka wapi

Toa kapeti. Tembeza gari hadi injini ipate joto kamili, kisha lipandishe mlima kwa gia nzito, hapa Mwanza Isamilo au Bugando panafaa, au likae kwenye foleni ya Buzuruga mchana. Gari likikimbia barabara ya Usagara upepo unapita chini na kukudanganya.

Rudi upime kwa kile kipimajoto chenye umbo la bastola. Kinadanganya kwenye chuma kinachong'aa, kinasoma chini sana. Bandika vipande vya tepu nyeusi ya umeme sehemu sita au nane za sakafu na upime juu ya tepu. Andika namba palepale kwa chaki na upige picha, maana utazihitaji baadaye.

Mstari wa joto unaokwenda mbele hadi nyuma upande mmoja ni egzosi. Nundu ya katikati ikiwa na moto peke yake, ni giaboksi na transifa (sanduku linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma), au hewa inayopanda kwenye mipira ya gia. Angalia oili ya giaboksi na transifa kabla ya kununua chochote. Joto likiwa juu, usawa wa pedali na miguu ya abiria wa mbele, shuku hita.

Hatua ya 2: Hita

Mwanza hakuna anayehitaji hita, lakini gari zetu nyingi zinayo, na valvu yake imeshikwa na kutu ikiwa wazi. Maji ya moto ya injini yanazunguka nyuma ya dashibodi siku nzima. Injini ikiwa na joto, shika kwa uangalifu paipu mbili zinazoingia kabini. Swichi ikiwa kwenye baridi na paipu zote mbili ni za moto, valvu haifungi.

Badilisha valvu, au unganisha paipu mbili upande wa injini ili maji yazunguke bila kuingia ndani. Usizizibe kila moja kwa boliti, acha maji yaendelee kuzunguka. Kipenyo cha ndani mara nyingi ni 16 mm, pima kwanza. Fanya hivi injini ikiwa imepoa. Kwenye series 80 kuna viungio vya plastiki vya umbo la T karibu na hapo. Vikizeeka vinavunjika ukivigusa, kwa hiyo uwe na vipya mkononi kabla hujaanza kuvuta paipu. Baadhi ya 60 na 80 zina hita ya pili ya abiria wa nyuma, nayo ina paipu zake. Kama huwa unapanda Njombe au Makete, badilisha valvu badala ya kuunganisha.

Hatua ya 3: Egzosi yenyewe

Masizi meusi kwenye gaskiti au kwenye kiungio ni uvujaji. Asubuhi injini ikiwa ya baridi, iwashe, mtu azibe mdomo wa nyuma kwa tambara nene sekunde chache, wewe sikiliza mlio wa hewa inayovuja. Usiruke hapa: moshi unaovuja chini ya kabini una kaboni monoksaidi, haina harufu, na huingia kwenye tundu lilelile linaloingiza joto.

Angalia pia mipira inayoning'iniza bomba, na maunti (vishikizo vya mpira) za injini na giaboksi. Maunti ikilala, bomba linahama kutoka mahali pake na linaweza kusogea karibu na sakafu au kuigusa.

Hatua ya 4: Bati la kukinga joto

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo mafundi wengi wanapoharibu.

Bati la kiwandani kwenye gari hizi mara nyingi limeshaondoka: liliota kutu, likapiga kelele, mtu akaling'oa. Tengeneza lingine kwa shiti ya alumini ya 1 mm. Bati la kuezekea la geji 28 ni jembamba, litalia kama debe kwenye barabara ya vumbi, na zinki yake haipendi kukaa karibu na chuma cha moto. Alumini inatosha kwa bomba lililo chini ya kabini. Karibu na manifodi (pale egzosi inapotokea kwenye injini) au tabo (turbo) usiitumie, huko weka chuma kisichoshika kutu.

Chora umbo kwanza kwenye boksi la karatasi. Bati lizidi bomba kwa 50 mm kila upande, na lifunike urefu wote ulio chini ya miguu na viti. Kunja kingo 10 mm ili lisitetemeke. Mafundi bati wanaotengeneza majiko wanafanya hili vizuri kuliko mafundi magari, mpelekee mmoja boksi lako.

Sasa pengo. Bati lisiguse sakafu: acha 10 hadi 15 mm kati yake na sakafu, na angalau 25 mm kati yake na bomba. Alumini inarudisha mionzi ya joto, na hewa inayopita kwenye pengo inaondoa joto lililobaki. Ukilibandika moja kwa moja kwenye sakafu umeongeza unene wa sakafu tu. Miisho ya mbele na nyuma iachwe wazi, na pengo lisijazwe sponji wala povu la kopo. Kama nafasi haitoshi, rekebisha bomba lishuke kabla ya kukata bati.

Kulifunga nako kuna masharti yake. Kabini imekaa juu ya mipira na inacheza dhidi ya chasisi. Bati likifungwa huku kwenye kabini na huku kwenye chasisi, litapasuka. Chagua upande mmoja. Mimi nachagua kabini siku zote. Toa waya hasi wa betri, kisha kabla ya kila tundu angalia upande wa pili kuna nini: bomba la mafuta, bomba la breki, waya, kebo ya hendibreki. Gari lisimame kwenye stendi, si juu ya matofali. Tumia boliti za M6 zisizoshika kutu, na vipande vya bomba la chuma vyenye urefu wa 12 mm ili kuacha nafasi. Washa za plastiki na vipande vya plastiki vitayeyuka, na nati zenye pete ya nailoni ndani hupoteza mshiko joto likizidi, kwa hiyo weka nati mbili zikabane. Mdomo wa kila tundu kwenye bodi paka rangi ya kuzuia kutu kabla ya kufunga.

Jambo linalosahaulika: alumini inatanuka kuliko chuma. Shiti ya mita moja ikipanda nyuzi 100 inaongezeka zaidi ya 2 mm, chuma kama nusu ya hapo. Tundu moja liwe duara, mengine yafanye marefu kwa faili kufuata urefu wa bati. Ukifanya yote duara, bati linajikunja na kupunguza pengo ulilolipima kwa shida.

Ukimaliza, tikisa bomba kwa nguvu pande zote injini ikiwa ya baridi. Likigusa bati popote, litagusa zaidi ukipita makorongo.

Kuhusu kile kitambaa cha kuzungushia egzosi: sikipendi kwa gari la kazi. Kinanyonya maji ya mvua na tope, na bomba la chuma cha kawaida linaoza ndani yake bila kuonekana. Vitambaa vya zamani vya asbesto usiviguse kabisa, vumbi lake lina madhara kwenye mapafu.

Hatua ya 5: Matundu

Usiku, weka taa kali chini ya gari, mtu akae ndani gizani. Kila nukta ya mwanga ni njia ya hewa ya moto, na ya vumbi. Mara nyingi zitaonekana kwenye mipira ya gia kubwa na gia ndogo, kwenye nguzo ya usukani, kwenye mipira ya kupitishia waya na kwenye vizibo vya sakafu vilivyopotea.

Mpira wa gia uliochanika badilisha. Kipande cha tyubu kinasaidia kwa muda, hakikai. Kwenye matundu ya waya tumia silikoni nyekundu ya joto. Ile yenye harufu ya siki inaleta kutu kwenye chuma. Usizibe matundu ya kutolea maji ya bodi wala ya AC. Kwenye Defender, bao za sakafu na kifuniko cha nundu vimefungwa kwa skrubu, kwa hiyo vinatoka vyote. Weka ukanda mpya wa sponji ngumu chini ya kila kingo na ubadilishe skrubu zilizoshika kutu, maana chuma na alumini vikilowa pamoja vinakulana.

Halafu angalia mpira wa nyuma ya boneti. Ukikosekana, hewa ya injini inaingia kwenye tundu la upepo chini ya kioo cha mbele na kutokea miguuni. Wanaoinua nyuma ya boneti kwa washa ili injini ipoe wanafanya hilohilo kwa makusudi.

Hatua ya 6: Ndani, kama bado kuna haja

Safisha, toa kutu, kausha kabisa. Gari linalobeba samaki au dagaa kutoka soko la Mwaloni, osha chumvi yote kwanza. Shiti ya butili (mpira laini unaonata) ya 2 mm inapunguza mtetemo, joto haiizuii sana. Inatosha kufunika robo hadi nusu ya eneo. Ibane kwa kusugua na chupa ya soda. Tepu ya lami ya paa ni nafuu, nayo italainika na kunuka.

Juu yake weka sponji isiyonyonya maji, 6 hadi 10 mm, bila kuigandisha yote ili uweze kuinua na kukausha. Jaribu kipande: kilaze ndani ya ndoo ya maji usiku kucha, kisha kiminye. Kikitoa maji ni cha godoro, rudisha dukani.

Rudia mlima uleule, saa ileile ya mchana, tepu zilezile, ulinganishe na picha. Kaza boliti za bati upya baada ya safari ya kwanza ya barabara ya vumbi, na kiangazi kila ukitoka porini toa nyasi kavu zilizonasa kwenye pengo, zinashika moto.