Kuweka simu kando: saa yake na mahali pake

Kazi yangu ni kuwasaidia watu waliochoshwa na simu zao wenyewe. Karibu wote huja na ombi moja: niwapangie saa za kutumia kwa siku. Siwapangii. Saa mbili za kuzungumza na mzazi aliye mbali hazilingani na saa mbili za video ambazo kesho hutazikumbuka. Ninachofundisha ni kuitambua dakika ambayo simu imemaliza kazi yake, kisha kuiweka mahali ambapo kuifuata ni usumbufu kidogo.

Hatua ya 1: Chunguza kwanza

Usibadilishe chochote kwa siku tatu nne. Ingia kwenye mipangilio. Android ina sehemu ya Nidhamu Dijitali na iPhone ina yake ya muda wa skrini. Zote zilikuja mwaka 2018. Achana na jumla ya saa, tafuta idadi ya mara ulizoifungua au kuinyanyua simu, na saa gani hasa. Hapo ndipo tabia inapojianika. Wengi hukuta simu inashikwa zaidi kabla hawajatoka kitandani na kila kazi inapoanza kuwa ngumu.

Hatua ya 2: Taja kazi kabla ya kufungua

"Natuma pesa." "Naangalia ramani." Sema hata kwa kunong'ona. Ukikosa la kusema, irudishe ilipokuwa. Ukiwa nalo, lifanye. Likiisha, dakika ya kuweka simu ndiyo hiyo.

Ugumu ni kwamba programu nyingi zimeondolewa mwisho kwa makusudi. Ukurasa unaoendelea kujijaza kadiri unavyosogeza kidole ulibuniwa mwaka 2006 na Aza Raskin, ambaye baadaye alijuta hadharani. Usingoje basi hadi ushibe, maana hushibi. Mwisho uwe ule uliotaja mwenyewe mwanzoni.

Hatua ya 3: Chagua mahali ambapo simu haiingii

Anza na usukani, na hili halina mjadala. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hukata takriban mita 17 kila sekunde. Ukisoma ujumbe kwa sekunde 3, umeendesha mita 50 bila kuona njia. Simu ikae kwenye mkoba, kiti cha nyuma.

Mazungumzo ndiyo magumu zaidi, kwa sababu watu hudhani kulaza simu kifudifudi mezani ni adabu tosha. Mwenzako anaiona. Anajua ikitetemeka atakatizwa, kwa hiyo anakupa habari nyepesi na ile nzito anabaki nayo. Mwaka 2017 watafiti, baadhi yao wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin, walionyesha kuwa waliopewa majaribio ya akili simu zao zikiwa chumba kingine walifanya vizuri kuliko wale ambao simu zilikuwa mezani, hata zikiwa kimya. Tafiti zilizofuata hazikupata jibu hilohilo kila mara, lakini kwangu kuipeleka simu chumba kingine ni jaribio lisilogharimu kitu.

Hatua ya 4: Ondoa hofu ya kukosa simu ya dharura

Bila hatua hii nyingine zote huporomoka. Washa Usinisumbue (Do Not Disturb), mpangilio unaonyamazisha simu na arifa, kisha ruhusu watu wachache wakupate muda wote. Ruhusu pia wanaopiga tena: kwenye Android simu ya pili ya mtu yuleyule ndani ya dakika 15 itaita, kwenye iPhone ni ndani ya dakika 3. Waambie nyumbani na kazini: "Likiwa la haraka, nipigie mara mbili mfululizo."

Hatua ya 5: Usiku

Tafuta saa ya kengele ya kawaida, maana "naihitaji iniamshe" ndicho kisingizio kinachoilaza simu karibu na mto. Chaji ibaki sebuleni. Kuigeuza skrini iwe ya njano hakutoshi. Mwanga una athari zake kwenye usingizi, lakini kwa ninavyoona, kinachowakesheza watu zaidi ni habari yenyewe: ugomvi wa kwenye kundi, au barua ya bosi ambayo huwezi kuijibu hadi asubuhi.

Hatua ya 6: Watoto

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya mwaka 1 asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Kwa wakubwa zaidi, kanuni ya mezani iwe moja kwa wote. Baba akichungulia simu chini ya meza, imekwisha.

Baada ya wiki mbili rudi kwenye takwimu za hatua ya 1. Idadi ya kufungua isiposhuka, ongeza umbali wa mahali unapoiweka kabla ya kuongeza masharti. Na siku unayosubiri habari za mgonjwa, kaa na simu yako mkononi bila kujilaumu.