Jinsi ya kuomba kibali cha kufunga kamera za mtego Mlima Rungwe

Kamera za mtego ni zile zinazojipiga picha zenyewe mnyama anapopita mbele yake. Jambo la kwanza ni kujua kibali unakiomba kwa nani. Mlima Rungwe, mkoani Mbeya, ni Hifadhi ya Mazingira Asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Ukivuka ushoroba wa Bujingijila kuingia msitu wa Livingstone, uko Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, na huko wenyeji ni Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA). Amua mapema kamera zako zitaishia wapi, maana sehemu kubwa ya Kitulo iko Makete, mkoani Njombe, na barua za ngazi ya mkoa utazianza upya.

Andaa andiko la utafiti. Nguvu zako zote ziweke kwenye mbinu: kamera ngapi, umbali kati yake, zitafungwa kimo gani, zitakaa msituni muda gani. Lengo lako liendane na kifaa. Kipunji, nyani aliyetangazwa kwa wanasayansi mwaka 2005, anaishi juu ya miti. Ukiahidi kumchunguza kwa kamera zilizofungwa usawa wa goti, andiko litarudi. Minde, swala mdogo wa msituni anayepita chini, tena zaidi usiku, ndiye wa kamera hizi. Kwa ndege, taja wanaotembea ardhini kama kwale, usiahidi orodha nzima ya msitu. Kwenye sababu za utafiti unaweza kutaja msitu wa Ndundulu, Iringa, ambako mwaka 2005 kamera za namna hii zilimnasa sengi (mnyama mdogo mwenye pua ndefu) mkubwa asiyejulikana. Akapewa jina la kisayansi 2008.

Eleza pia picha za watu utazifanyia nini. Zitakuwepo tu: wachanja kuni, warina asali, wapita njia. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata bila sheria, kijiji kikihisi kamera ni za kuwachunguza wao, utazikuta zimeng'olewa.

Andiko likiwa tayari, chukua barua ya utambulisho chuoni au kazini, uwasilishe maombi Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori (TAWIRI), Arusha. Mtafiti wa kigeni anahitaji pia kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na mtafiti mwenza Mtanzania. Ada ulizie kabla ya kupanga bajeti. Ya mgeni si sawa na ya mwenyeji.

Kisha iandikie TFS, nakala kwa ofisi ya hifadhi Tukuyu. Barua nyingine inashuka kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Mbeya, Katibu Tawala wa Wilaya ya Rungwe, mtendaji wa kata, hadi mtendaji wa kijiji. Usiruke ngazi. Toa fotokopi za kutosha, kwa sababu karibu kila meza itabaki na moja.

Peleka maombi miezi kadhaa mapema ili Juni ikukute na vibali mkononi; kuanzia Novemba hadi Mei mvua haina huruma na vifaa (Tukuyu hunyesha hata Julai, kwa hiyo beba vikaushio vya unyevu).

Siku ya kufunga, ongozana na askari wa uhifadhi, na umwachie orodha ya alama za GPS za kila kamera.