Mtoto akitolewa mafindofindo: maandalizi kwa sisi tunaoishi Lamu

Upasuaji wenyewe kwa kawaida hauchukui hata saa nzima. Kinachotaka akili ni wiki mbili za baadaye, hasa kwetu sisi ambao watoto wetu hupasuliwa Mombasa, kisha tukarudi nao kisiwani.

Swali langu la kwanza kwa daktari, kabla ya gharama, lilikuwa hili: tukae Mombasa mpaka lini? Damu huweza kutoka kwa vipindi viwili. Cha kwanza ni saa 24 za mwanzo. Cha pili ni kati ya siku ya 5 na ya 10, utando mweupe wa kidonda unapobanduka. Hicho cha pili ndicho huwakuta watu wamesharudi nyumbani na wamejisahau. Kama una jamaa Mombasa, omba kukaa kwao mpaka siku hizo zipite. Mtu anayekupenda hatakuhesabia sahani za wali.

Kabla hujaondoka, hakikisha mtoto ameandikwa chini yako SHA, bima ya afya ya serikali, na ubebe cheti chake cha kuzaliwa. Kama baba yuko safarini, panga mapema ni nani atakayetia saini ya idhini. Halafu kaa na wazee uulize habari za ukoo: kuna mtoto aliyetahiriwa damu ikakataa kukatika? Kuna anayetoka damu ya pua isiyokoma? Kuna selimundu? Haya mweleze daktari bila kungoja akuulize. Mweleze pia kama mtoto amekuwa na homa au kikohozi siku za karibuni, maana huenda tarehe ikasogezwa, na ni bora isogezwe.

Binti yangu alikuwa na jino la mbele linalocheza. Nilimwonyesha daktari wa nusukaputi, kwa sababu jino kama hilo huweza kung'oka wakati wa kupitisha mpira kooni na kuangukia njia ya hewa. Hina ya kucha na rangi ya kucha pia ziache mpaka apone: kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni husoma kwa mwanga, na rangi huweza kukivuruga.

Watoto wetu wanaijua saumu, kwa hivyo kufunga hakukumsumbua. Wanaosumbua ni wakubwa wenye huruma. Kwa kawaida chakula na maziwa hukoma saa 6 kabla ya nusukaputi, maji matupu saa 2 kabla. Fuata saa utakazopewa na hospitali. Chai ya maziwa ni chakula. Hakuna kumwamsha ale daku kwa siri, hakuna kitumbua cha "kidogo tu". Tumbo likiwa na kitu, huweza kupanda akiwa hajitambui na kuingia mapafuni.

Nyumbani, kazi kubwa ni maumivu, kwa sababu mtoto anayeumwa hanywi, na koo likikauka huuma zaidi. Mpe dawa kwa saa, si kwa kungoja alie, hata usiku siku za mwanzo, na nusu saa hivi kabla ya chakula. Paracetamol huhesabiwa kwa uzito: miligramu 15 kwa kila kilo, isizidi mara 4 kwa saa 24. Mtoto wa kilo 20 ni miligramu 300. Soma chupa, fuata alichoandika daktari, pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, usitumie kijiko cha chai. Asprini na kodeini usimpe kabisa.

Uji wa mchele, madafu ya baridi, aiskrimu, wali laini wa nazi, vyote vyafaa. Achari, pilipili na ndimu vitamchoma. Ubuyu na vinywaji vyekundu viweke mbali, ili akitapika ujue unachokiona. Udi usifukizwe chumbani kwake. Wageni wenye mafua wakaribishe dakani, salamu zitamfikia.

Ukimulika koo utaona madoa meupe, na pumzi itanuka. Hiyo si usaha; usipanguse, usipake kitu. Masikio nayo huuma ingawa hayana ugonjwa.

Cha kuchungwa usiku ni kumeza. Mtoto aliyelala akimeza, akimeza tena, na tena, huenda anameza damu. Nilimwona binti yangu koo likipanda na kushuka hivyo, nikamwamsha, akatema kwenye kitambaa cheupe chini ya mwanga wa simu. Alhamdulillah, yalikuwa mate tu.

Ingekuwa damu, hata kidogo, hata kama imekoma, ni hospitali saa ile ile: mketishe ameinama mbele, ateme asimeze, asile kitu. Kwa aliyeko kisiwani, anza hospitali ya King Fahd hapa Lamu, wamtulize na wapange safari; usikimbilie Mokowe, gati la bara, peke yako na mtoto anayetoka damu. Ila namba ya nahodha mwenye boti na mafuta uwe nayo tayari, na kusi likivuma mwulize mapema kama atavuka usiku.

Shule na chuo cha Kurani vingoje wiki mbili, na kuogelea vilevile. Mwombe mwalimu wa chuo asimsomeshe kwa sauti siku za mwanzo.