Kabla ya kupasua umio, tafuta ateri iliyopita njia isiyo yake

Kwetu Kilimanjaro na Arusha saratani ya umio si ugeni. Wengi hufika KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, hata uji haupiti. Haya nawaandikia madaktari mnaojifunza upasuaji, baada ya kumwelekeza mwenzenu kwenye picha za mgonjwa aliyezaliwa na ateri ya mkono wa kulia inayopita nyuma ya umio.

Hatua ya 1. Pima kreatinini, kipimo cha damu cha figo, kisha CT (picha za vipande vya mwili) ya shingo, kifua na tumbo yenye dawa ya kuonyesha mishipa.

Hatua ya 2. Soma picha mwenyewe. Zile filamu za kwenye bahasha hazitoshi kabisa, dai CD. Anzia upinde wa aota, ateri kuu itokayo moyoni, panda polepole kuelekea shingoni ukihesabu ateri zinazochomoza. Kwa kawaida ni tatu, na ya kwanza hugawanyika kwenda mkono wa kulia na shingo upande huohuo. Ukipata nne, ifuate ya mwisho: ikivuka kwenda kulia, mara nyingi hupita kati ya umio na uti wa mgongo. Kwenye picha moja ni kiduara tu, unaweza kukidhania tezi. Sogeza juu na chini. Kikirefuka kama bomba, ni ateri. Wenye hali hii ni takriban 0.5 hadi 1% ya watu, na wengi hawana dalili yoyote, kwa hiyo kumeza kwa shida usikusingizie ateri kabla ya biopsi, yaani kipande cha umio kupimwa maabara. Tazama pia upinde wenyewe uko upande gani. Ukiwa kulia, aota itakuzibia njia ya kifua cha kulia. Fikiria kuingilia kushoto.

Hatua ya 3. Ateri hiyo ikiwepo, neva ya sauti ya kulia haishuki kuizunguka ateri ya mkono kama kawaida. Hutoka shingoni moja kwa moja hadi kwenye zoloto, kisanduku cha sauti. Unaposafisha tezi za shingo, usikate uzi wowote unaokatiza hapo kabla hujaitambua.

Hatua ya 4. Mwambie daktari wa usingizi mapema. Kipimo cha presha cha ndani ya ateri kikae mkono wa kushoto, oksimita, kipimo cha oksijeni, kidole cha kulia. Wimbi la oksimita likipotea unapovuta umio, legeza mara moja: umeibana ateri.

Hatua ya 5. Asiyefaa kupasuliwa naye asomewe picha hivyohivyo. Stenti (bomba la kupanua umio), au mpira wa kulishia wa puani ukikaa muda mrefu, unaweza kutoboa umio hadi kwenye ateri, na damu yake ni ya kuua. Kwa mgonjwa huyo mimi hupendelea mpira wa kulishia uwekwe tumboni, na onyo liandikwe kwa kalamu nyekundu juu ya faili.