Kuomba nafasi Sabasaba ukiwa umestaafu: mwongozo kwa wauzaji wapya wa kazi za mikono

Umestaafu, mkono bado unajua kusuka ukili, kuchonga, kufinyanga au kupiga batiki, na umechoka kuuzia majirani peke yao. Sabasaba, maonesho ya biashara ya kila mwaka, ni mahali pazuri pa kuanzia. Maonesho hufunguliwa Juni 28 na kufungwa Julai 13 kwenye viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, chini ya usimamizi wa TanTrade, mamlaka ya maendeleo ya biashara. Hakuna umri wa mwisho wa kushiriki. Kinachowakwamisha wazee ni makaratasi, kwa hiyo anza Januari, usisubiri Mei.

Jina na laini ya simu kwanza

Kabla ya fomu yoyote, weka mezani kitambulisho cha taifa cha NIDA, kadi ya benki na barua ya kustaafu, usome jina herufi kwa herufi. Kazini uliandikwa Mohamed, NIDA wamekuandika Muhammad. Au mama alistaafu kwa jina la mume, NIDA ana la baba yake. Miaka yote hiyo hakuna aliyejali, lakini mifumo ya TRA (mamlaka ya mapato) na BRELA (wakala wa usajili wa biashara) huvuta taarifa zako NIDA, na jina litakalotoka kwenye TIN, yaani namba ya mlipakodi, ni hilo hilo. Kama lina kosa, rekebisha kwanza kwenye ofisi ya NIDA ya wilaya. Ni kazi ya kuchosha, ndiyo maana nimesema Januari.

Kisha simu. Wazee wengi wanatumia laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole za mtoto au mjukuu. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ikiwa unayotumia haimo, sajili yako. Ujumbe wa uthibitisho wa mifumo hii huja kwenye simu, na siku ya kuuza utahitaji lipa namba (ya kupokelea malipo kwa simu) inayoonyesha jina lako au la biashara yako. Mteja akiona jina la kijana asiyemjua, anarudisha simu mfukoni.

TIN, jina la biashara na usajili wa msanii

TIN hutolewa bure na TRA, mtandaoni au ofisini. Anayekuomba pesa ili "akuharakishie" mwache aende zake. Eleza kwamba ni kwa ajili ya biashara, na ukiulizwa makadirio ya mauzo taja kiasi cha kweli. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake hayafiki shilingi 4,000,000 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato ya biashara. Mstaafu anayetaja milioni ishirini ili aonekane mkubwa anajitafutia deni.

Jina la biashara husajiliwa BRELA kupitia mfumo wao wa mtandaoni. Ada ni kama shilingi 20,000, unalipa kwa kontrol namba, yaani namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali. Si lazima uwe na jina la biashara ukiuza kwa jina lako mwenyewe, ila linapendeza kwenye kibao. Ukiwa Zanzibar, haya ya usajili wa biashara ni kazi ya BPRA, wakala wa usajili wa huko.

Usajili wa msanii ni BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, linalofanya kazi chini ya sheria namba 23 ya mwaka 1984. Wachoraji, wachongaji na wafinyanzi wapo kundi la sanaa za ufundi. Ulipo mkoani, mwone kwanza Afisa Utamaduni wa halmashauri. Nenda na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, picha ndogo za paspoti, na picha za kazi zako tatu au nne zilizopigwa mchana, nje, kwenye kitambaa kisicho na maua. Picha iliyopigwa sebuleni usiku, televisheni ikionekana nyuma, haikusaidii popote.

Banda la peke yako, au chini ya mwavuli?

Hapa ndipo pesa ya mafao hupotea. Njia ya kwanza ni kuomba eneo moja kwa moja TanTrade: unajaza fomu yao, unachagua ukubwa kwa mita za mraba na kama unataka ndani ya jengo au uwanja wa wazi, unapewa ankara na kontrol namba. Usipolipa kwa wakati, nafasi si yako. Ukishalipa eneo bado kuna meza, taa, usafiri wa mizigo, chakula na malazi, kwa siku 16.

Njia ya pili ni kuingia kwenye banda la taasisi. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ina ofisi kila mkoa wa Tanzania Bara na hupeleka wajasiriamali Sabasaba. Halmashauri na mikoa nayo hufanya hivyo. Unapata meza au nusu meza, gharama inakuwa ndogo au inachangiwa. Kwa mwaka wa kwanza mimi ningechagua hii bila kufikiri mara mbili. Utaona wageni wanashika nini, wanauliza nini, wanaacha nini, kabla ya kukodi banda zima.

Barua isizidi ukurasa mmoja:

"YAH: OMBI LA KUSHIRIKI MAONESHO YA SABASABA KUPITIA BANDA LA SIDO MKOA. Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mstaafu, mkazi wa kata ya …, ninasuka vikapu na mikeka ya ukili. Kwa mwezi ninaweza kutoa vikapu … . Ninaomba nafasi ya meza moja. Nimeambatanisha nakala ya kitambulisho cha NIDA, TIN na picha za bidhaa."

Sentensi ya idadi kwa mwezi usiiache. Maofisa wanaogopa mtu atakayemaliza bidhaa siku ya tatu na kuacha meza tupu mpaka Julai 13. Barua yenyewe ipeleke kwa mkono, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Kuhusu mtaji: mikopo isiyo na riba inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri imegawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Bibi wa miaka 65 anaweza kuomba akiwa kwenye kikundi cha wanawake. Babu wa umri huo hana fungu pale, labda awe na ulemavu. Naona si haki, lakini ndivyo ilivyo, asipoteze nauli.

Ukishakubaliwa

Wasilisha mapema majina ya wasaidizi ili wapate vitambulisho vya washiriki. Usipange kukaa peke yako siku zote hizo; mpe mjukuu zamu ya mchana, hasa Julai 7, siku ya mapumziko ambapo watu humiminika. Julai ni kipupwe, upepo hupuliza vumbi, kwa hiyo batiki nyingine zibaki kwenye nailoni na ubadilishe za kuning'inizwa.

Usilete pembe, ngozi ya mnyamapori wala gamba la kasa, hata kama ni kitu cha zamani ulichorithi. Sabuni na asali nazo ziache nyumbani kama huna alama ya ubora ya TBS (shirika la viwango), maana mkaguzi akija kwa ajili ya asali ataanza kuuliza na mengine.

Andika bei kwenye kila kitu. Mgeni anayetoka nje mwandikie risiti yenye jina la kazi na malighafi, kwani huko uwanja wa ndege anaweza kuulizwa kinyago kimetoka wapi. Na kabla ya kufunga mizigo Julai 13, muulize msimamizi wa banda maombi ya mwaka ujao yanaanza kupokelewa lini, na umwachie barua nyingine.